Usiuze kwa Bei ya Woga

Swali la kwanza nililofundishwa katika kazi ya kuuza na kupangisha nyumba hapa Bunia halikuhusu bei. Lilikuwa hili: "Iko karibu na nani?" Muzee Ukumu, aliyenifundisha kazi, hakukanyaga kiwanja cha mtu kabla hajajua jirani wa kushoto ni nani, wa kulia ni nani, na nani aliishi pale kabla ya vita. Alikuwa mtu wa Mahagi, mrefu, mwenye baiskeli isiyo na breki. Mwenye nyumba akianza kusifu vyumba vyake, yeye alikuwa ameshageuka anaangalia ukuta wa ng'ambo.

"Nyumba haigombanaka na mutu," aliniambia. "Jirani njo anagombanaka."

Ninyi vijana mnaokuja kwangu kuniomba niwafundishe ukomisioneri, huu udalali wa nyumba, mnakuja na simu. Sizisemi vibaya. Siku hizi picha ya nyumba inafika Kampala kabla chai haijapoa, na siye tulikuwa tunazunguka kartie nzima, mtaa kwa mtaa, kwa miguu tukiuliza nani anahama. Lakini mjukuu wa dada yangu, anayefanya kazi hii sasa, alinionyesha picha ya kiwanja kizuri, nyasi kijani, nyumba ya matofali ya kuchoma, mabati mapya. Nikamuuliza mbona picha imekatwa upande mmoja. Akacheka. Tulipofika tukakuta korongo limeshakula nusu ya uwanja, na choo cha jirani kinaning'inia juu yake kama jino linalotaka kung'oka. Muzee Ukumu alikuwa anampeleka mteja kwenye kiwanja mvua ikiwa inanyesha. Wateja walinung'unika, viatu vikajaa matope, lakini hakuna aliyerudi kumtukana baadaye, maana kila mmoja alikuwa ameona kwa macho yake maji yanakopita.

Mimi sikuzaliwa hapa. Nililetwa kutoka Butembo nikiwa bibi arusi, mume wangu akiuza vitenge sokoni. Vita vilipokuja duka likaporwa hadi rafu, na mume wangu hakuishi sana baada ya hapo. Kisha wakaja askari wa kulinda amani na watu wa mashirika, na kila mmoja alitafuta chumba. Nikaanza kuwaonyesha nyumba za wanawake niliosali nao. Nakumbuka mgeni mmoja aliniuliza kama mtaa ni mtulivu, na pale pale kanisa la jirani likawasha vipaza sauti. Nikamwambia wanajaribu mashine tu. Alikaa mle mwaka mzima, na mashine zilijaribiwa kila siku alfajiri. Tulipokutana njiani alikuwa anaziba masikio kwa vidole.

Hayo ni ya kucheka. Nataka kuwaambia lile ambalo halikunichekesha, kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi kuliko Muzee Ukumu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ambayo redio ilisema kuna amani, na siye tulilala tumevaa viatu. Watu walikuwa wamerudi nusu. Kila uvumi ulipokuja, kwamba kijiji fulani cha Djugu kimeungua, kwamba vijana wameonekana na bunduki juu ya kilima, soko lilifungwa mchana mweupe, na jioni watu walikuwa wanabisha mlangoni kwangu wakitaka kuuza nyumba. Siyo kesho. Sasa. Tuliita hiyo bei ya woga. Nyumba ya matofali ilikwenda kwa bei ya nyumba ya udongo, na kiwanja kwa bei ya pikipiki. Juma likipita, kelele zikatulia, aliyeuza alikuwa anapita mbele ya nyumba yake ya zamani kichwa chini.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyeishi kwa bei hiyo. Tulimpa jina Bosi Kelele, kwa sababu alitokea pale tu risasi zilipolia. Alikuja na gari, mfuko wa pesa chini ya kiti, na karatasi ya mauzo ambayo alishaiandika, imebaki jina tu. Alinunua, akafunga mlango kwa kufuli, akangoja bei ipande. Kwetu makomisioneri alikuwa mkarimu kuliko wateja wote. Nitasema kweli, wengi wetu tulimsalimia kwa heshima.

Sasa, kulikuwa na Papa Kambale, mtu wa kwetu Butembo, aliyejenga nyumba yenye duka upande wa barabara. Aliuza chumvi, sabuni, misumari, bidhaa za kawaida. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa nilimtangulia kuja mjini. Lori lililoleta mali yake lilichomwa njiani, na dereva, rafiki yake wa tangu utoto, akafa ndani yake. Tangu siku hiyo Kambale hakulala. Alikuja kwangu akasema anarudi Butembo na mkewe Mama Furaha na watoto, nimtafutie mnunuzi.

Na wiki hiyo hiyo alikuja kwangu mwanamke mmoja kutoka Djugu, Mama Dechuvi. Kijiji chao kilikuwa kimeungua, mume wake amekufa, naye alikuwa analala na watoto wake na mama mkwe katika chumba kimoja cha watu wa kanisa. Alitaka nyumba mjini. Niliona nguo zake, nikamuuliza kwa upole atainunua na nini. Akasema marehemu mumewe aliacha mtumbwi mkubwa wa injini huko Mahagi-Port, ziwani, ambao shemeji yake Ngabu alikuwa anavulia. Shemeji amekubali kuuza. Ndicho kitu cha mwisho walichobaki nacho duniani.

Nikawakutanisha wote wawili kwenye ile nyumba. Sijasahau. Kambale alisimama uwanjani akitazama barabara kama mtu anayengoja kupigwa, na Mama Dechuvi aligusa ukuta wa tofali kwa kiganja na kusema, "Hapa tutalala." Nyumba moja. Mmoja anaikimbia ili aishi, mwingine anaikimbilia ili aishi. Nilijiuliza ni nani kati yao amekosea.

Tulipatana bei bila maneno mengi. Tukakubaliana kwamba Ngabu akifika na pesa, tutaandikishana mbele ya shefu wa kartie, majirani wakiwa mashahidi. Ngabu alikuwa apande mtumbwi wa abiria kutoka Mahagi-Port mpaka Tchomia, kisha apande pikipiki mpaka Bunia.

Kesho yake risasi zikalia upande wa kaskazini wa mji.

Sijui zilikuwa za nani. Hatukujua siku zile, na mpaka leo sijui. Nilikimbia kama wengine, nikajifungia. Zilipotulia, kitu cha kwanza nilichosikia barabarani ni gari la Bosi Kelele.

Nilipofika kwa Kambale nilimkuta Bosi ameketi uwanjani, mfuko uko juu ya magoti. Alikuwa ametaja bei ambayo hata mabati peke yake yasingeuzwa kwa bei hiyo. Lakini pesa zilikuwa pale, zinaonekana. Za Mama Dechuvi zilikuwa ziwani, au njiani, au popote. Bosi akanivuta pembeni akaniambia komisheni yangu ataiongeza maradufu kama nitasaini kama shahidi.

Kambale alikuwa ameshashika kalamu. Nikamuuliza Mama Furaha yuko wapi, kwa sababu hakuna nyumba ya wanandoa inayouzwa bila mke kuweka mkono wake. Bosi akasema hayo ni mambo ya wakati wa amani. Hapo ndipo Mama Furaha alipotokea mlangoni pa duka, mikono ina unga.

"Hakuna mutu aliniuliza," alisema taratibu. "Hii nyumba tulijenga wawili. Nilibeba maji ya tofali na mimba ya Furaha. Kama tunaenda, twende. Lakini tuuzishe kwa mutu atalala ndani. Ule papa atafunga mulango na kufuli."

Kambale akamwambia kwamba kufuli si shida yake, shida yake ni watoto. Kisha akanigeukia mimi.

"Yaya, ule mwanamuke hana franga. Unataka tungoje mutumbwi?"

Nikamwambia nataka angoje kidogo. Nikamwambia mimi sitaweka jina langu kwenye karatasi ambayo mkewe hakuisaini. Bosi Kelele akacheka, akasema makomisioneri wako wengi. Ni kweli, walikuwa wengi. Lakini Mama Furaha hakutoka mlangoni, na kalamu ikarudi mezani.

Bosi alipoondoka, Kambale alinisindikiza hadi barabarani. Hakunipandishia sauti. Afadhali angenipandishia.

"Kama batoto yangu wanakufa hapa juu ya kungoja," alisema, "itakuwa juu yako. Nakuambia tu, ujue."

Vijana, mnanisikia? Mtu anaweza kufanya kazi hii maisha yote na asiambiwe neno kama hilo. Nilirudi nyumbani na neno lile. Nilijua sheria ya mke, nilijua bei halali, nilijua Bosi ni mtu wa namna gani. Lakini sikujua risasi zitalia tena lini, na hakuna Muzee Ukumu wala mwingine aliyeweza kunifundisha hilo. Niliwaza, je, nimezuia mauzo kwa sababu ya haki, au kwa sababu nimempenda yule mwanamke aliyegusa ukuta? Na kama watoto wa Kambale wakipatwa, nitasema nini msibani?

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Simu ya Ngabu haikupatikana. Mtandao wa upande wa ziwa ulikuwa unakuja na kupotea. Mchuuzi wa samaki aliyetoka Tchomia alituambia kwamba mtumbwi umezama, kisha akasema siyo, ni wa watu wengine, kisha akasema hajui. Mama Dechuvi alikuja kwangu kila asubuhi, akakaa kwenye benchi bila kuuliza kitu, akaondoka. Hakulia. Mara moja tu aliniambia kwamba kama Ngabu amekufa maji kwa ajili ya nyumba, yeye hataki tena kuingia katika nyumba yoyote.

Na Bosi Kelele alikuwa anapita. Kila alipopita bei ilishuka. Alikuwa anateremsha kioo, anataja namba, anaondoka. Kambale akapakia magodoro juu ya lori, akayashusha, akayapakia tena. Mwishowe nilimshauri atangulize watoto kwa dada yake wa Komanda, na yeye na mkewe wangoje. Alifanya hivyo. Mama Furaha aliniambia baadaye kwamba kuwaona watoto wakipanda lori bila yeye ndicho kitu kigumu kuliko vyote, lakini hakurudi nyuma.

Ngabu alifika mchana wa Jumapili, watu wakitoka kanisani. Alikuja kwa miguu, uso umevimba. Walikuwa wamekamatwa kwenye kizuizi baada ya Tchomia. Watu wa kile kizuizi walimlaza chini, wakachukua pikipiki ya aliyembeba, wakachukua pesa za mfukoni. Zile alizozishonea ndani ya koti hawakuziona. Aliketi kwa Kambale, akavua koti, akaomba mkasi.

Pesa hazikutosha. Tulizitandaza mezani, na kila mtu aliona kwa macho kwamba hazikutosha, na Ngabu akaanza kuomba msamaha kama vile yeye ndiye mwizi. Mama Dechuvi akamnyamazisha. Akaanza kuzikusanya ili aondoke nazo.

Sasa sikilizeni, kwa maana hapa ndipo kazi yetu ilipo. Watu wanafikiri komisioneri ni mtu wa kuonyesha milango. Kazi yetu ni kukaa katikati ya watu wawili wanaoogopana mpaka mmoja wao aseme kitu ambacho mwingine anaweza kukibeba. Nilikuwa natafuta neno, sikulipata. Mama Furaha ndiye aliyelipata. Alisema duka la mbele lina mlango wake. Mama Dechuvi akae ndani, apangishe duka, na pango lile liwe linatumwa Butembo na malori mpaka bei itimie.

Kambale akauliza, na kama hatatuma? Hakumuuliza mkewe, alimuuliza Mama Dechuvi usoni.

"Weye unaenda kwenu," Mama Dechuvi alijibu. "Siye hatuna tena kwetu. Nitakimbilia wapi na franga yako?"

Kambale alizisogeza zile pesa upande wake. Kisha akaita majirani. Tuliandikisha mbele ya shefu wa kartie, wake kwa waume wakaweka mikono, na kila sehemu ya bei iliyobaki ikaandikwa wazi. Nilidai waandike hivyo, na ninyi daini hivyo, hata kama watu wanapendana. Jioni ile ile Kambale na Mama Furaha wakapanda lori la kwenda kusini. Kambale aliniaga kwa mkono, hakusema kuhusu lile neno lake, nami sikulitaja.

Komisheni ilikuwa ndogo. Bosi Kelele hakunisalimia tena, na nilikosa kazi zake nyingi. Mama Dechuvi alituma pango kila lori lilipoondoka na dereva anayefahamika, mpaka deni likaisha. Siku lilipoisha alimlipa kijana aandike kwa rangi nyekundu kwenye ukuta, kama wengi wanavyofanya dhidi ya matapeli na ndugu wenye tamaa: PARSELE HII HAIUZISHWE, yaani kiwanja hiki hakiuzwi.

Ngoja niwaambie jambo moja la mkopo kabla sijamaliza, kwa maana mnauliza. Wengi hapa hununua kwa likelemba, wanawake wanachanga na kupokezana, na hiyo ni njia nzuri kwa sababu mnajuana. Lakini usiitie nyumba rehani ili upate mtaji wa samaki. Namjua mwalimu mmoja aliyefanya hivyo. Njia ya Tchomia ilifungwa, samaki wakaoza kwenye magunia, na nyumba ikaenda. Baadaye alipanga chumba kupitia kwangu, katika nyumba ile ile aliyoipoteza, mle mle mkewe alimozalia. Kama mtu anakuja kwako amebanwa hivyo, usimpe mnunuzi. Mpe chai kwanza, muulize anaogopa nini hasa. Mara nyingi anachokiogopa si nyumba.

Miaka ilipita. Nilikuwa nimeshaanza kuacha kazi, magoti hayataki tena vilima vya Mudzipela. Ikawa sasa upande wa Beni ndiko watu wanakokimbia, wakiuawa mashambani, na barabara ile ambayo Kambale alikwenda nayo ikawa inaleta watu huku. Hata Djugu haikutulia. Watu walikuwa wanakimbia kutoka pande zote mbili, wanakutana Bunia, na hakuna aliyejua ni upande gani wa kuulizia habari njema.

Siku moja, mvua ikiwa imekatika, alisimama mlangoni kwangu mzee mwenye nywele nyeupe, na nyuma yake mwanamke ameshika kikapu. Nilimtambua mwanamke kwanza. Walikuwa wameondoka Butembo baada ya shamba la mkwe wao kushambuliwa. Walitaka chumba kimoja, popote, rahisi. Kambale aliniomba nisimpeleke kwenye ile barabara ya nyumba yake ya zamani.

"Nitaona haya, yaya," alisema.

Nikawaacha wanywe chai, nikaenda peke yangu kwa Mama Dechuvi. Nyumba yake ilikuwa imejaa. Ndugu zake wa Djugu walikuwa wanalala hadi jikoni. Duka lilikuwa halina mpangaji, limejaa magunia ya maharage. Nilimweleza. Nikaanza kusema juu ya pango na garanti, ile amana ya mwenye nyumba, kama kazi inavyotaka, miezi mingapi mbele, nani atatengeneza bati linalovuja. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akawaita vijana wahamishe magunia.

"Ule papa alinipa nyumba mbele ya franga kutimia," alisema. "Leo miye nimuombe garanti?"

Pango alilitaja, na halikuwa la bure. Nilifurahi kwa hilo, kwa sababu mtu kama Kambale asingeweza kulala katika nyumba ya bure.

Nikawaleta. Kambale alitembea polepole, akisalimia majirani ambao wengine hawakumkumbuka. Mama Dechuvi alimpokea kwa mikono miwili, wakaulizana habari za watoto, nani yuko, nani hayuko. Mbali sana, upande wa kilima, kitu kililia, labda radi, labda siyo. Wote watatu wakasikiliza, wakanitazama mimi. Hakuna aliyeniomba nimtafutie mnunuzi.

Kisha Mama Dechuvi akampa ufunguo. Mlango wa lile duka ulikuwa na tabia mbaya, bawaba ya chini ilikuwa imelegea tangu uwekwe, na kila mpangaji aliyepita aliusukuma kwa bega na kuutukana. Kambale alizungusha ufunguo, akaushika mlango chini ya kitasa, akauinua kidogo, ukafunguka bila sauti. Mama Furaha akampita, akaingia, akaomba ufagio.